Maswali ya Wasomaji: Wito, Woga na Riziki

Barua za mwezi huu zimekuja kana kwamba waandishi wake walikaa baraza moja wakakubaliana. Nilikuwa nimejiandaa kujibu maswali ya mirathi, lakini nimeyasogeza hadi toleo lijalo, kwa kuwa barua nyingi kuliko nilivyozoea zinahusu mtu anayejisikia kuitwa na kazi fulani, na ambaye hajui kama kuifuata ni ushujaa au ni wazimu. Nimechagua tano. Nimeondoa yale yanayoweza kumtambulisha mwandishi, na baadhi nimezifupisha. Majibu ni yangu, na lawama za majibu ni zangu pia.

Nina umri wa miaka 31 na huu ni mwaka wangu wa saba kama mhasibu katika kampuni ya bima. Miaka mitatu iliyopita nilimsindikiza jirani yangu hadi shule anakosoma mwanawe aliye kiziwi, nikakaa darasani saa nzima, na tangu siku hiyo sijapata utulivu. Ninataka kuwa mwalimu wa watoto viziwi. Wazazi wangu wananiambia hawakunisomesha uhasibu ili niutupe, na baba amenikumbusha kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Rafiki zangu, kwa upande wao, wananihimiza niache kazi hata kesho. Je, niandike barua ya kujiuzulu?

Usiiandike bado, ingawa sababu zangu si zile za baba yako.

Nianze na methali aliyokupa. Ni ya kweli, lakini kila ninapoisikia ikitumiwa kufunga mjadala hujiuliza kama msemaji ameitafakari vya kutosha. Haisemi kwamba mwoga amefanya vema. Inasema tu kwamba nyumbani kwake wanacheka kwa sababu amerudi mzima. Anayekwenda vitani anakumbushwa kwamba wapo watakaolia, ili asije akasema hakujua, na kujua hivyo kisha kuamua ni sehemu ya ushujaa wenyewe. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliuweka ushujaa katikati ya woga na kujitosa bila kufikiri, na nadhani wazee waliotuachia methali hiyo wangeketi naye wakaelewana. Rafiki zako wanakusukuma ujitose. Baba yako anakuvuta urudi nyuma kwa hofu ambayo, ukiichunguza, ni mapenzi. Lakini sioni popote katika barua yako kwamba yeyote kati yao amekuuliza kazi hiyo ikoje siku ya Jumatano ya kawaida, mvua inanyesha na mwalimu ana mafua.

Wewe uliiona kwa saa moja, tena ukiwa mgeni, na darasa huwa na adabu nzuri mbele ya mgeni. Nikueleze kidogo kilichofichwa nyuma ya saa ile. Lugha ya alama si lugha ya mdomo iliyohamishiwa mikononi; ni lugha kamili yenye sarufi yake, tena hutofautiana baina ya nchi na nchi, na kuijua kiasi cha kumfundishia mtoto hisabati ni kazi ya miaka. Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, ambao mara nyingi hawajui alama hata moja siku mtoto anapozaliwa, kwa hiyo wapo watoto wanaofika shuleni wakiwa na umri wa miaka saba au minane bila kuwa na lugha yoyote waliyoimiliki. Mwalimu wa mtoto kama huyo haanzi na herufi. Anaanza na kumwonyesha kwamba vitu vina majina, na anaweza kurudia alama moja kwa wiki nzima. Kisha jioni anaandika taarifa, na Jumamosi anajaribu kumshawishi mzazi ajifunze angalau alama hamsini ili aweze kuzungumza na mwanawe mwenyewe.

Ukisoma aya hiyo ukahisi kwamba nimekuharibia ndoto, hiyo ni habari muhimu kwako. Kama umeisoma ukajikuta unataka kujua zaidi kuhusu huyo mtoto asiye na lugha, na ni mbinu gani hutumika kumfikia, basi hiyo nayo ni habari, na ni nzito kuliko kukosa utulivu kwa miaka mitatu. Nimeishi muda wa kutosha kuamini kwamba wito hupimwa kwa sehemu yake inayochosha. Sehemu inayopendeza humpendeza kila mtu.

Kwa hiyo ninakuomba mwaka mmoja. Jiandikishe kujifunza lugha ya alama jioni, na ikiwezekana mwalimu wako awe kiziwi mwenyewe. Likizo yako ya mwaka itumie darasani ukiwa msaidizi, asubuhi hadi jioni, wiki mbili bila kukatisha. Ulizia masharti ya vyeti vya ualimu kabla ya kukadiria muda, maana watu wengi huhesabu miaka ya masomo kwa matumaini. Na utafute walimu watatu wa kuzungumza nao: mmoja aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na mitano au zaidi, mmoja aliyeianza juzi, na mmoja aliyeiacha. Huyo aliyeiacha mtafute kwa bidii kuliko wote, kwa kuwa wawili wa kwanza watakupokea kwa furaha na yeye ndiye atakayekueleza gharama.

Utaambiwa kwamba mshika mbili moja humponyoka. Nakubali, endapo zote mbili unazishika kwa mkono mlegevu. Lakini waliotuachia methali hiyo walituachia nyingine, kwamba usiache mbachao kwa msala upitao, na katika jambo hili nadhani ya pili ina uzito zaidi. Mwaka 2014 watafiti wawili, Joseph Raffiee na Jie Feng, walichapisha uchunguzi kuhusu watu nchini Marekani walioanzisha biashara zao. Walioanza huku wakiendelea na ajira, na baadaye tu wakaiacha, walikuwa na uwezekano wa kushindwa uliopungua kwa takriban theluthi moja wakilinganishwa na waliojiuzulu moja kwa moja. Ualimu si biashara, naelewa, lakini ninaloliona mimi humo ni kwamba mwenye mshahara anaweza kukosea katika jambo jipya bila kukosea katika kodi ya nyumba, na kwa sababu hiyo ana nafasi ya kujifunza.

Ukihofia kwamba subira ya namna hii ni woga uliovaa kanzu, mwangalie Albert Schweitzer. Mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 21, aliamua kwamba angeendelea na elimu na muziki hadi afikishe miaka 30, kisha angejitoa kuwahudumia watu. Alipofikia umri huo mwaka 1905, tayari ni mwanateolojia na mpiga kinanda mwenye jina, alirudi kukaa kwenye benchi la wanafunzi wa udaktari. Alifika Lambaréné, Gabon, kuwatibu wagonjwa, mwaka 1913. Hiyo ni miaka kumi na saba tangu aamue, na sijapata kumsikia mtu akimwita mwoga.

Lipo pia jambo ambalo huenda hutalipenda. Mwaka 1785 William Wilberforce, mbunge kijana wa Uingereza aliyekuwa amepata mwamko wa kidini, alifikiria kuacha siasa ili aingie katika utumishi wa kanisa. Alikwenda kwa siri kumwomba ushauri John Newton, kasisi aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa, naye akamshauri abaki bungeni. Alibaki, na mwaka 1807 biashara ya watumwa ikapigwa marufuku kwa sheria aliyoipigania kwa takriban miaka ishirini. Shule za watoto viziwi hazikosi walimu peke yao. Hukosa pia watu wanaojua hesabu, wanaoweza kuandaa bajeti na kuwabana wafadhili kwa takwimu safi. Sikwambii kwamba hilo ndilo lako. Ninakuambia ulichunguze kabla ya kulikataa, kwa sababu wakati mwingine tunachokiita wito ni wito wa kweli uliochanganyika na kuchoshwa na meza yetu ya sasa, na mambo hayo mawili hayatibiwi kwa dawa moja.

Kuhusu wazazi, nina kisa kimoja. Mwishoni mwa Agosti 1831 Charles Darwin, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanasayansi mashuhuri, wakati huo kijana wa miaka 22, alialikwa kusafiri kwa meli ya Beagle. Baba yake alikataa, akisema ni mpango wa hovyo usiomfaa mtu anayeelekea kuwa mchungaji, lakini akaacha mlango mmoja wazi: kama kijana angempata mtu mmoja mwenye akili timamu wa kumshauri aende, yeye angeridhia. Kijana alikwenda kwa mjomba wake, Josiah Wedgwood, wakaorodhesha pingamizi za baba zote nane, na mjomba akaandika barua akizijibu moja baada ya nyingine, kwa upole na bila kejeli. Baba akaridhia. Kijana hakushinda kwa kupaza sauti wala kwa kununa. Alizichukua hoja za baba yake kuwa ni hoja, akamtuma mtu ambaye baba alimheshimu azijibu. Katika ukoo wako bila shaka yupo mtu wa namna hiyo, awe mjomba, shangazi au rafiki wa baba wa siku nyingi. Mpelekee mpango wako wa mwaka mmoja ukiwa umeandikwa, pamoja na hesabu zake. Wewe ni mhasibu, hesabu zako zitaaminika.

Lakini mwaka huo uwe na tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo iandike. Thomas Gilovich na Victoria Medvec, waliochunguza majuto katika miaka ya 1990, walionyesha kwamba kwa muda mfupi watu huumizwa zaidi na walilolitenda, ila wakiitazama miaka mingi iliyopita husumbuliwa zaidi na yale ambayo hawakuyatenda. Tarehe ikifika, nawe umechoka kwa kazi ile na bado unaitaka, andika barua ya kujiuzulu hata kama baraka za nyumbani hazijakamilika zote. Hapo ndipo ushujaa utakapohitajika, na nadhani utakuta kwamba ni mdogo kuliko unavyoogopa sasa, kwa kuwa sehemu kubwa yake utakuwa umeshailipa kidogo kidogo.

Nina miaka 54 na watoto wangu wanne wamekwisha kujitegemea. Tangu utotoni ninachora mimea: majani, maua, mizizi. Sasa ninataka kujifunza uchoraji huo kwa dhati. Dada zangu wanacheka na kusema kwamba nimechelewa, na kwamba bibi hajifunzi kushika brashi. Nimechelewa?

Kwa baadhi ya mambo, ndiyo, na sitakudanganya: macho na mikono haitakungoja. Kwa hiyo anza wiki hii.

Mary Delany alizaliwa Uingereza mwaka 1700. Alikuwa amepita miaka 70, tena mjane mara mbili, alipobuni namna yake ya kutengeneza picha za mimea kwa kukata vipande vidogo vidogo vya karatasi za rangi na kuvibandika juu ya karatasi nyeusi. Aliendelea kwa takriban miaka kumi, hadi macho yalipomshinda, akaacha picha zinazokaribia elfu moja ambazo leo zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Ninachokipenda katika habari zake ni kwamba hakuanzia patupu. Maisha yake yote alikuwa akidarizi, akichora na kutunza bustani, na uzee ulivikuta vyote hivyo viko tayari mkononi. Nawe una miaka arobaini na zaidi ya kuyatazama majani, mtaji ambao kijana wa chuo hana.

Dada zako wataendelea kucheka kwa muda. Mimi mwenyewe nilikaa miaka sita nikisema kwamba nitaanza kuandika mwakani, na nilipoanza, waliocheka walikuwa wawili tu, na wote wawili sasa wananiomba niwasahihishie barua zao.

Shikamoo Bi Mhariri. Nina miaka 19. Kila mahali ninaambiwa nifuate wito wangu, niishi kwa ujasiri, nisikilize sauti ya ndani. Wenzangu wote wanajua wanachokitaka. Mimi nimejisikiliza mpaka nimechoka na sisikii chochote. Ninapenda vitu vingi kidogo kidogo, na kila kikianza kuwa kigumu ninakiacha kwa kuwa najua si chenyewe. Je, kuna watu wasio na wito?

Marahaba, binti yangu. Kwanza, wenzako wote hawajui. Wanajua kusema, jambo ambalo ni tofauti, na ukikutana nao baada ya miaka kumi utashangaa ni wangapi watakuwa wanafanya kitu ambacho leo hawajakisikia hata jina.

Jibu la swali lako limo ndani ya barua yako, katika sentensi moja uliyoiandika kwa haraka: kila kikianza kuwa kigumu unakiacha, kwa kuwa unajua si chenyewe. Umejuaje? Mwaka 2018 wanasaikolojia Paul O'Keefe, Carol Dweck na Greg Walton walichapisha utafiti uliowalinganisha watu wa aina mbili: wale wanaoamini kwamba jambo la kulipenda limekwishakuwemo ndani ya mtu na kazi yake ni kulipata tu, na wale wanaoamini kwamba mapenzi ya jambo hukuzwa. Katika mojawapo ya majaribio yao, washiriki walionyeshwa filamu fupi ya kuvutia kuhusu mashimo meusi ya angani, wakavutiwa, kisha wakapewa makala ngumu ya kisayansi juu ya jambo hilo hilo. Hamu ya wale wa kundi la kwanza ilishuka zaidi. Wao walitarajia kwamba kitu kilicho chao kitakuja na nguvu zisizokwisha, kwa hiyo ugumu ulipojitokeza waliusoma kama dalili kwamba wamekosea njia. Nawe unausoma hivyo hivyo.

Kuhusu sauti ya ndani, nina neno dogo. Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale ambaye mara nyingi hutajwa watu wanapozungumzia sauti ya namna hiyo, alikuwa nayo kweli kwa mujibu wa maandishi ya mwanafunzi wake Plato, lakini haikuwahi kumwambia afanye jambo lolote. Kazi yake ilikuwa kumzuia tu. Alipokuwa karibu kukosea ilimkataza, na ilipokaa kimya aliendelea na shughuli zake. Sijui kama hilo litakufariji, ila mimi hunifariji. Huenda ukimya unaousikia si ukosefu wa wito, bali ni ruhusa ya kuendelea.

Chagua kimoja katika vile vitu vingi unavyovipenda kidogo, chochote kile, na ukae nacho hadi utakapovuka mahali ambapo kwa kawaida hukimbia. Usiape kwamba ndicho cha maisha yako. Ukifika ng'ambo ya ugumu huo wa kwanza na bado hakina ladha, kiache kwa amani, kwa sababu safari hii utakuwa umekiacha ukikijua.

Mimi ni muuguzi, na niliingia katika kazi hii kwa kuitwa, si kwa kukosa nyingine. Kwa miezi minane sasa tumekuwa tukifanya saa za ziada bila malipo, na tunapouliza, msimamizi wetu hutuambia kwamba mwenye wito hahesabu saa, na hutukumbusha habari za Florence Nightingale. Ninaona aibu kudai. Je, kudai fedha ni kuusaliti wito?

Hapana, dada yangu, na barua yako imenikasirisha kwa niaba yako.

Kwa kuwa Nightingale ametajwa, tumtaje kikamilifu. Alijisikia kuitwa na Mungu mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 16, na familia yake tajiri ikampinga kwa miaka mingi, kwa kuwa uuguzi wakati huo haukuwa kazi ya binti wa watu wa aina yao. Mwaka 1853 alipopata nafasi ya kusimamia hospitali ndogo ya wanawake London, ni kweli kwamba aliifanya kazi hiyo bila mshahara. Aliweza kwa sababu baba yake alikuwa amekubali kumpa pauni 500 kila mwaka, fedha za kuishi vizuri sana siku zile. Na mwaka uliofuata alipokwenda kuwahudumia majeruhi wa Vita vya Crimea akiwa na wanawake 38, wauguzi wa kawaida waliokuwa miongoni mwao walilipwa ujira. Msimamizi wako akitaja jina hilo tena, muulize kwa adabu kama hospitali imeandaa zile pauni 500.

Unalopitia limechunguzwa, tena mahali ambapo wengi wasingefikiria kutazama. Mwaka 2009 Stuart Bunderson na Jeffery Thompson walichapisha utafiti kuhusu watunzaji wa wanyama katika bustani za wanyama za Marekani na Kanada, watu ambao wengi wao wana elimu nzuri na mshahara mdogo. Waliojiona wameitwa na kazi hiyo waliiona kuwa na maana kubwa zaidi, na papo hapo walikuwa tayari zaidi kutoa mhanga mapato yao, muda wao na raha zao. Watafiti waliufananisha wito na upanga wenye makali pande mbili, kwa kuwa moyo ule ule unaomfanya mtu asiache kazi humfanya mwajiri ajue kwamba hataacha. Aibu unayoihisi inatumiwa kama kamba, hata kama aliyeishika hajakaa akaipanga.

Mwenye wito, kwa maoni yangu, ana deni kwa mgonjwa. Hana deni kwa daftari la mishahara. Tena deni lake kwa mgonjwa ndilo linalomtaka adai, kwa kuwa muuguzi aliyekesha siku tatu hukosea kipimo cha dawa, na kipimo kilichokosewa hakiponywi na moyo mwema. Anza leo kuandika saa zako: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na aliyekuwa zamu nawe. Waombe wenzako waandike za kwao. Msiende mmoja mmoja, nendeni pamoja, na kama mna chama cha wafanyakazi kipelekeeni maandishi hayo kabla ya kwenda kwa msimamizi. Zungumzeni usalama wa wagonjwa kwanza na malipo pili, si kwa ujanja, bali kwa sababu ndio mpangilio wa kweli wa mambo haya.

Ulijiandaa kuwa shujaa mbele ya ugonjwa, na sasa unatakiwa kuwa shujaa mbele ya meza ya ofisi. Watu wengi huona la pili ni gumu zaidi, nami ni mmoja wao.

Mwanangu ameacha masomo ya udaktari akiwa mwaka wa tatu na anajifunza useremala kwa fundi. Nilimwambia asinipigie simu mpaka akili imrudie. Ni miezi minne. Mama yake halali. Sikuandika ili uniambie nimekosea. Nataka kujua nimwambie nini.

Mzee wangu, sitakuambia umekosea, ingawa umeniwekea mtego mzuri.

Yule Darwin niliyemtaja kwa msomaji wa kwanza naye aliacha udaktari. Alipelekwa Edinburgh kuusomea mwaka 1825, akiwa na umri wa miaka 16, na baada ya miaka miwili akaacha, kwa kuwa hakuweza kustahimili upasuaji, uliofanywa siku hizo bila dawa ya usingizi. Baba yake, Robert Darwin, alikuwa daktari, na baba wa baba yake pia, kwa hiyo unaweza kukisia hali ya nyumba ile. Robert alimwambia mwanawe maneno makali ambayo kijana aliyakumbuka hata uzeeni. Na ni Robert huyo huyo ambaye, miaka minne baadaye, aliposoma barua ya shemeji yake, alibadili msimamo, akagharamia safari iliyochukua takriban miaka mitano. Simleti kwako ili nikuahidi kwamba useremala wa mwanao utamfanya mtu mashuhuri. Walioacha udaktari na wasiwe mashuhuri ni wengi mno, na useremala ni kazi ya heshima bila ahadi hiyo. Ninamleta kwa sababu alikuwa baba aliyesema neno zito, kisha akapata njia ya kurudi bila kulazimika kusema kwamba hakuwahi kulisema.

Kwamba mwanao amekwenda kujifunza kwa fundi, badala ya kukaa nyumbani akisubiri dunia imwelewe, ni jambo ambalo ningelitazama kwa makini kama ningekuwa wewe. Miezi minne ya kupiga randa hutoa malengelenge ya kweli. Huenda akaacha na hilo, na huenda asiache. Kwa sasa hujui, na hutajua kwa kukaa kimya.

Kwa kuwa ni wewe uliyemkataza kupiga simu, ni wewe wa kupiga. Usianze na udaktari, wala na mama yake asiyelala, maana hilo litamfikia kama kosa jingine la kujibu. Muulize anatengeneza nini wiki hii, na ni mbao gani anaitumia. Akikujibu kwa maneno mawili, muulize inakuwaje mbao hiyo ikipindishwa na unyevu, kisha umwache aeleze hadi amalize.